Silinda ya Révérien

Jumatatu, 12 Februari

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mteja. Baba amekaa mlangoni mwa garaji akitazama matope mekundu ya mlimani yakiteremka kwenye mfereji kwenda ziwani. Mtaa wote wa Kimanga unanuka matope.

Uvira nzima sasa inapanda pikipiki mpya. Zetu ni vespa za zamani, zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Baba alijifunza kazi hii ujanani kwa mapadri Waitaliano, na hadi leo mwenye vespa kati ya hapa na Luvungi akitaka iende mbio huuliza alipo Mzee Sumaili. Hawajui kwamba tangu mwaka jana mikono yake inatetemeka. Anayeshika tupa ni mimi, binti yake mkubwa. Baba anakaa kando yangu na kusema, wateja wanamshukuru yeye, na mdogo wangu Walid anazunguka mjini akilisifu jina la garaji. Ndivyo tunavyoishi.

Alhamisi, 15 Februari

Walid ameleta vespa ya shemeji yake. Ni ya buluu, imepauka, taa ya mbele imefungwa kwa waya. Révérien ni mwalimu wa shule ya msingi kule Lubarika, kaka wa Claudette, na vespa hiyo ameachiwa na marehemu baba yake.

Walid alimwoa Claudette mwaka jana, na wanaishi nasi. Mama wa Claudette, Mama Agathe, hakuja kwenye ndoa. Alituma ndizi na neno kwamba yeye ni Mkatoliki na ni mzee, atamwombea binti yake akiwa kwake. Tangu hapo Walid anatafuta njia ya kuingia katika moyo wa watu wa Lubarika. Sasa ameipata. Siku ya tatu ya Idd wenye vespa hushindana kutoka Kavimvira hadi njia panda ya Kiliba, na Walid anataka shemeji yake ashinde mbele ya mama yake. Ameahidi kumpa silinda iliyopanuliwa. Zawadi.

Nilimwambia kwamba zawadi inayopita mikononi mwangu ningeulizwa kwanza. Alicheka, akasema ndiyo maana ananiuliza sasa.

Jumanne, 20 Februari

Claudette amepika mboga ya lengalenga bila chumvi. Tumekula hivyo hivyo.

Jumanne, 27 Februari

Silinda tuliyoituma Bujumbura imerudi. Fundi wa kule ameichonga vizuri, imepanuka, na pistoni mpya kubwa imekuja nayo. Sasa ni zamu yangu.

Ndani ya silinda ya vespa kuna matundu ambayo petroli huingilia na moshi hutokea. Baba anayaita madirisha. Ukilinyanyua dirisha la moshi kidogo tu, injini inakuwa nyingine, inalia kwa sauti ya juu na kukimbia kama imetishwa. Ukilinyanyua mno, umeiua. Nimefanya kazi tangu asubuhi kwa tupa ndogo ya duara, napiga kidogo, nafuta, natazama kwenye mwanga wa mlangoni. Kila nilipodhani nimemaliza, Baba aliingiza kidole chake kinachotetemeka, akapapasa ukingo wa dirisha na kusema, "Hapa bado kuna kisu." Ukingo mkali hukamata ringi ya pistoni na kuivunja. Nilirudia hadi kidole chake kikapita bila neno.

Siku kama hizi nampenda Baba kuliko kawaida.

Jumamosi, 2 Machi

Ziwa limepanda tena. Limefika kwenye ua wa jirani wa chini. Mvua.

Ijumaa, 8 Machi

Tumefunga silinda na kuijaribu. Iliwaka bila kusumbua. Mlio wake ulimfanya Walid akae kimya, jambo la nadra.

Pistoni imekaa kwa kubana kidogo. Baba anataka hivyo, anasema itajilegeza yenyewe ikiendeshwa vizuri. Lakini hapo ndipo penye kazi: mwenyewe lazima afanye rodaje, yaani aiendeshe polepole siku za kwanza, aipumzishe njiani, asifungue mafuta yote, mpaka chuma kizoeane na chuma. Asipofanya hivyo pistoni itapata moto, itavimba na kushika, na gurudumu la nyuma litafunga ghafla.

Jumanne, 12 Machi

Mwezi umeonekana. Ramadhani mosi. Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Révérien alikuja asubuhi kuchukua vespa. Kijana mpole, shati limepigwa pasi licha ya njia yote ile ya matope. Claudette alimpeleka nyuma ya nyumba akampa maji na chakula huko, ili asile mbele yetu tuliofunga. Niliona.

Nilimweleza Walid kila kitu kuhusu rodaje na kumtuma amwambie shemeji yake. Nilikuwa nikitaka kutoka niseme mwenyewe, lakini Claudette alikuwa amesimama palepale barabarani, na mimi na Claudette hatuna mazoea. Nilibaki ndani nikifuta vyombo. Kupitia mlangoni nilimwona Walid akisema kitu na Révérien akicheka, akikipigapiga kiti cha vespa kama anayempigapiga ng'ombe mgongoni. Kisha akaondoka. Mlio uliniingia kifuani. Ulikuwa mzuri. Nilijisemea kwamba ule mlio ni wangu.

Jioni hii hii. Simu ililia kabla ya kufuturu. Révérien ameanguka baada ya kijiji cha Runingu. Pistoni ilishika, gurudumu likafunga, vespa ikamburuta hadi kwenye mawe ya daraja. Wamemleta hospitali hapa Uvira kwa gari la mchele. Walid na Claudette wamekimbilia huko. Baba ameshika tende mkononi, hajaila.

Jumapili, 17 Machi

Wamemkata mguu wa kulia, chini ya goti.

Jumanne, 19 Machi

Wameleta vespa imelazwa kwenye mkokoteni. Nilianza kuifungua kabla hata ya kufunga mlango, na sikuruhusu mtu anisaidie.

Nataka kuandika nilichoona kama nilivyokiona. Kwanza nilitazama petroli. Oili ilikuwemo, imechanganywa sawasawa. Buji, ile plagi ya kuwashia, ilikuwa na rangi nzuri. Nilipapasa madirisha yote kwa kidole, hakuna kisu. Ringi hazikuvunjika. Kisha nikaivuta pistoni, ikatoka kwa shida, na ubavuni mwake kulikuwa na mikwaruzo mirefu ya kung'aa, pande zote mbili, kama imekwaruzwa na makucha. Hiyo ni alama ya moto. Injini iliyobana bado, imefunguliwa mafuta yote, kwa mwendo mrefu, bila kupumzishwa. Hakufanya rodaje hata kidogo.

Nilikaa chini sakafuni. Kwanza nilifurahi, na nimeona aibu kuifurahia furaha hiyo. Kazi yangu haikuwa na kosa. Kisha nikamkumbuka Walid pale barabarani, midomo yake ikisema, Révérien akicheka. Nani anacheka akielezwa rodaje? Nilimjua ndugu yangu. Nilijua alivyokuwa na haraka ya Idd. Nilikuwa na hakika kwamba alimwambia jambo jingine, jambo la kuchekesha, kuhusu ushindi.

Nilikwenda hospitali nikiwa na grisi mikononi. Nilimkuta Walid uani, karibu na bomba, anafua mashuka ya Révérien. Nilimwuliza kama alimwambia aende polepole.

"Yaya, acha muntu apone kwanza," alisema. Yaya, dada mkubwa, ndivyo anavyoniita tangu utotoni.

"Nimekuuliza neno moja. Ulimwambia ao hukumwambia?"

Alilikamua lile shuka. Akatazama dirisha la wodi, ambako Claudette alikuwa ameinama juu ya kaka yake, anamfuta uso.

"Basi, hiyo kosa iweke kwangu," alisema.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alilianika shuka kwenye kamba, akalinyoosha pembe zote, akarudi ndani.

Alhamisi, 21 Machi

Mama Agathe ameteremka kutoka Lubarika. Ni mwanamke mdogo wa umbo, amevaa rozari shingoni. Hakuketi kwenye kiti tulichompa. Alizungumza Kirundi na Claudette akatafsiri huku akitazama chini: mama anauliza ni mkono wa nani uliotengeneza kitu kilichomkata mwanawe.

Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema ni wangu, na kwamba mkono haukukosea. Baba aliniwahi. Nilikuwa nimemsimulia yote usiku uliotangulia, na alikuwa ameyabeba hadi asubuhi. Alisimama, akasema injini ilikuwa nzuri, lakini aliyepewa maneno ya kumpa mgonjwa hakuyafikisha. "Ni mwanangu. Huyo hapo."

Walid alikuwa ameegemea mlango. Mama Agathe alimgeukia. Claudette hakutafsiri kitu tena, kwa kuwa hakukuwa na haja. Nilimwona akimwangalia mume wake akisubiri akane. Hakukana.

Ijumaa, 22 Machi

Walid ameondoka kabla ya swala ya alfajiri. Amechukua nguo zake na kisanduku cha spana. Hakuna aliyemzuia. Mimi nilikuwa macho, nilimsikia akifungua mlango, na sikuinuka.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Claudette analala hospitali.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka ya Wakristo. Nilimpelekea Claudette wali na samaki hospitali. Alinishukuru. Tulikaa kwenye benchi. Nilimwuliza Révérien anaendeleaje, akasema analala sana na hataki kuzungumza na mtu. Halafu akauliza kama Walid amepiga simu kwetu. Nikasema hapana. Akasema na kwake pia hapana. Alisema hivyo taratibu sana, akikunja na kukunjua pembe ya kitenge chake, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ukimya wake, ambao mwaka mzima nimeuita maringo, ni woga tu.

Jumanne, 2 Aprili

Révérien ametoka hospitali. Wamempeleka Lubarika kwa gari, na Claudette amekwenda naye. Chumba chao kimebaki wazi. Baba alipita mlangoni akaufunga.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Tulikuwa wawili kwenye mkeka. Baba aliniomba nimmiminie chai kwa kuwa kikombe kinamwagika mkononi mwake, na nilipomimina niliona macho yake yana maji. Watu waliokuja kutoa mkono wa Idd waliuliza Walid yuko wapi. Tulisema yuko safarini.

Ijumaa, 12 Aprili

Mashindano hayapo. Barabara ya Kavimvira iko chini ya maji.

Alhamisi, 18 Aprili

Ziwa limeingia garajini. Jana lilikuwa kizingitini, leo asubuhi nilikuta tupa zangu zinaoga na kopo la grisi linaelea. Majirani wa chini wamehama wote, vitanda vichwani. Nimebeba vyombo peke yangu hadi uani kwetu juu ya barabara. Vespa ya Révérien niliitoa kwa kuisukuma, nikipita kwenye maji ya kufika magotini. Kila hatua nilitamani Walid awepo, si kwa mapenzi, kwa mabega yake tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Baba hakuweza kubeba kitu. Alisimama barabarani na kunielekeza pasipo na shimo.

Jumatatu, 22 Aprili

Mteja mmoja amesema Walid yuko Baraka, mji wa ziwani kusini mwa hapa. Anatengeneza mashine za mitumbwi ufukoni. Baba alisikia, akaendelea kuhesabu tasbihi.

Mvua.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeamua kwenda Lubarika kumwona Révérien. Kumwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yetu. Baba amesema ni vizuri, na nipeleke sukari.

Jumapili, 28 Aprili

Naandika nikiwa nimerudi, nguo bado zina matope. Sijui nianzie wapi.

Pikipiki iliniteremsha njia panda ya Lubarika, nikatembea katikati ya mashamba ya mchele. Walikuwa wametoka kanisani. Mama Agathe alinipokea kwa adabu, akapokea sukari, akanipa kiti kivulini. Claudette alikuwa amekonda. Révérien alikuwa amekaa juu ya kitanda kilichotolewa nje, magongo kando, suruali imekunjwa na kubanwa pini. Nilisema maneno niliyoyapanga njiani: kwamba ndugu yangu alipewa ujumbe hakuufikisha, na sisi sote tumebeba aibu hiyo.

Révérien alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Aliniambia."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Walid aliniambia, dada Chadia. Alinishika mukono hivi, akarudia. Hata yale maneno yako, kama chuma kizoeane na chuma. Minye nikacheka. Nikamwambia anaongea kama padri kwenye mafundisho ya ndoa."

Claudette alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama mikononi mwake.

Akaendelea, na sasa alikuwa anasema na dada yake zaidi ya mimi. Alisema aliendesha polepole kweli, kutoka Uvira hadi Runingu. Hapo kijana mmoja wa pikipiki alimpita na kumrushia matope kwenye shati, akageuka kumcheka. Maisha yake yote wanampita wakicheka. Akafungua mafuta kidogo, kumfikia tu. Vespa ikaenda. Alisema hajawahi kusikia kitu kama ule mlio, ulikuwa kama baba yake amekaa nyuma yake. Akamfikia yule kijana, akampita, na alipompita hakuweza kufunga tena. Hakutaka.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Ule mlio.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Aliona wote tunamlaumu Walid, aliona Walid amekwenda.

"Hakuna muntu aliniuliza," alisema. "Weye ulimwuliza Walid. Mama alikuja kwenu akauliza. Minye niliamka bila muguu, nikakuta maneno yamekwisha, na mwenye kosa iko tayari. Nikanyamaza. Kila siku nilisema kesho nitasema."

Claudette alitafsiri kwa Kirundi, kila neno, bila kupunguza. Mama Agathe alivua rozari shingoni akaishika mkononi, akamtazama mwanawe, kisha akatazama mashamba. Mwishowe alisema jambo fupi. Claudette alinigeukia: "Mama anasema, basi yule kijana alimfulia mashuka mwanawe akijua kosa si lake."

Akaweka ungo chini. "Tulilala chumba kimoja cha hospitali siku zile," aliniambia. "Minye kitandani kwa Révérien, yeye sakafuni. Nilimpa mugongo kwa sababu ya ile zawadi yake. Hakuniambia kitu."

Nilitaka kumshika mkono. Sikujua kama ninayo haki, nikaushika hivyo hivyo.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemwambia Baba. Alikuwa anatawadha. Alibaki ameinama, birika mkononi, maji yakimwagika hadi yakaisha. Akaswali. Alikaa kwenye mswala muda mrefu, na alipoinuka hakunitazama.

"Sikumwuliza," alisema. "Mtoto wangu mwenyewe. Nilikusikiliza wewe tu."

Hakusema kwa kunilaumu. Ndiyo maana imenichoma.

Baada ya chakula akasema angekwenda mwenyewe Baraka kama miguu ingemruhusu. Nimemwambia nitakwenda mimi.

Alhamisi, 2 Mei

Boti ya kwenda Baraka, kutoka bandari ya Kalundu. Mawimbi. Nimetapika.

Ijumaa, 3 Mei

Nilimpata bila shida. Alikuwa ufukoni chini ya turubai, mashine ya mtumbwi imefunguliwa mbele yake juu ya gunia. Amefuga ndevu. Aliniona ninakuja tangu mbali na hakuinuka.

Nilikaa mchangani. Nilisema, "Révérien ameniambia."

Aliendelea kulegeza boliti. Akauliza kama anatembea. Nikasema kwa magongo, hadi shambani. Akauliza habari za Claudette. Nikasema anamngoja, na kwamba Mama Agathe, nilipomuaga, aliomba aje, yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Hapo spana ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Nilimwuliza kwa nini alikubali kosa lisilo lake.

"Alikuwa amelala mule bila muguu, yaya. Nikisema ukweli, mama yake atamwambia nini? Atamwambia amejikata mwenyewe. Nikaona minye nina miguu miwili, naweza kubeba." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Na nilizania weye utajua. Wengine, sawa. Weye nilizania utajua."

Nilitoka kwenye tumbo moja na mtu huyu, naijua pistoni kwa mikwaruzo yake, na yeye sikumjua. Nilisema nimekosa. Nilisema mara moja tu, nikaogopa kurudia lisije likawa jepesi.

Alinitazama kidogo, akaniambia nishike upande wa pili wa ile mashine, boliti imegoma. Nikashika. Tulifanya kazi hadi jua likawa jekundu juu ya milima ya Fizi, tukizungumza tu habari za mashine. Nilipoinuka nilimwambia boti inarudi Uvira kesho asubuhi na Baba amesema arudi. Alianza kurudisha spana kisandukuni.

Nimelala kwa mama mmoja wa Kibembe, karibu na soko. Sijui kama atakuja.

Jumamosi, 4 Mei

Nilipanda peke yangu, nikakaa kwenye gunia la dagaa, nikatazama ufuko hadi macho yakauma. Vijana walikuwa wameshafungua kamba. Alikuja akitembea, si kwa kukimbia, kisanduku cha spana begani, maji yakimfika kiunoni kabla hajafika ubavuni mwa boti.

Amepanda. Amekaa kule mbele, mbali na mimi, amenipa mgongo. Lakini amepanda.